Kufupisha Ekseli ya Nyuma: Kipimo Kabla ya Moto

Gari linapobadilishiwa injini na giaboksi, mabadiliko hayo hayaishii chini ya boneti, kwa kuwa nguvu inayozalishwa na injini mpya husafiri kupitia propela shafti hadi kwenye ekseli ya nyuma, na ekseli iliyotengenezwa kwa ajili ya injini ndogo inaweza kuelemewa na nguvu hiyo, au ikawa na uwiano wa gia usiolingana na mwendo wa injini iliyofungwa. Fundi hulazimika basi kutafuta ekseli ya gari jingine iliyo imara zaidi, na mara nyingi hugundua kwamba ekseli aliyoipata ni ndefu kuliko nafasi iliyopo, kiasi kwamba matairi yanatokeza nje ya madigadi au yanakwaruza bodi kila gari linapopita kwenye shimo. Hapo ndipo linapozuka suala la kufupisha ekseli, yaani kukata mabomba yake na kuyaunga upya ili magurudumu yarudi mahali pake. Kazi hiyo inawezekana, lakini inahitaji vipimo na nidhamu kuliko inavyodhaniwa na wengi wanaoiona kuwa kazi ya msumeno na mashine ya kuchomelea tu.

Katika Mkoa wa Mtwara suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya jiografia na historia ya usafiri wa kusini. Kabla ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, kufunguliwa mwaka 2003 kuvuka Mto Rufiji, safari ya barabara ya karibu kilomita 560 kati ya Mtwara na Dar es Salaam ilitegemea kivuko na njia za udongo zilizokatika wakati wa masika, na hata baada ya daraja hilo kukamilika, kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwasumbua wasafiri kwa miaka kadhaa. Vipuri vilifika kwa kuchelewa na kwa bei kubwa, hivyo ilikuwa kawaida kulitunza gari la zamani kwa kuliunganishia viungo vya gari jingine badala ya kulitupa. Zaidi ya hayo, njia zenyewe ni ngumu: mchanga mzito wa Msimbati na Kilambo, chumvi ya bahari kwenye delta ya Mto Ruvuma, na miteremko ya Uwanda wa Makonde kuelekea Newala, yote huidai ekseli ya nyuma kazi kubwa kuliko lami ya mjini.

Ekseli nzima na sehemu zake

Ekseli inayozungumziwa hapa ni ile ngumu, ambayo huyaunganisha magurudumu mawili ya nyuma kwa mhimili mmoja, tofauti na ya magari madogo ya kisasa ambayo kila gurudumu lake hupanda na kushuka peke yake. Toyota Hilux, Land Cruiser za mfululizo wa 70, Hiace za abiria, Land Rover za zamani na hata Suzuki Carry, ambayo Watanzania wengi huiita kirikuu, zote hutumia ekseli ya aina hii kwa nyuma. Katikati yake kuna uvimbe unaohifadhi difu, yaani mkusanyiko wa gia unaogeuza mzunguko wa propela shafti kuwa mzunguko wa magurudumu na kuliruhusu gurudumu la nje kwenda kasi kuliko la ndani gari linapokata kona. Gia kubwa ya difu huitwa kraunwili na ile ndogo inayoizungusha huitwa pinioni, na idadi ya mizunguko ya pinioni inayohitajika ili kraunwili izunguke mara moja ndiyo uwiano wa ekseli.

Kutoka kwenye difu yanatoka mabomba mawili ya chuma, moja kila upande, ambayo ndani yake hupita hafu-shafti, yaani nondo ndefu zinazopeleka mzunguko kwenye magurudumu. Ncha ya ndani ya kila hafu-shafti imechongwa mistari ya meno inayoingia kwenye gia za difu, na ncha ya nje huunganishwa na gurudumu. Kuna tofauti moja muhimu ambayo kila mwenye gari anapaswa kuijua. Katika ekseli za magari mepesi kama Hilux nyingi, hafu-shafti hubeba uzito wa gari pamoja na kuzungusha gurudumu, hivyo ikikatika gurudumu linaweza kuchomoka. Katika ekseli za kazi nzito, kama za Land Rover na Land Cruiser nyingi za mizigo, uzito hubebwa na habu iliyokaa juu ya bomba lenyewe, na hafu-shafti huachiwa kazi ya kuzungusha tu, hivyo hata ikikatika gurudumu hubaki mahali pake na dereva hupata nafasi ya kusimama salama.

Je, ni lazima kukata?

Mfano wa Land Rover, gari lililolitumikia taifa hili kuanzia enzi za ukoloni, unaonyesha jinsi swali hili linavyopaswa kufikiriwa. Land Rover za mfululizo wa Series, zilizotengenezwa hadi mwaka 1985, zina umbali wa milimita 1,308 hivi kati ya katikati ya tairi la kushoto na la kulia, ilhali zile za One Ten zilizoanza mwaka 1983, ambazo baadaye ziliitwa Defender, zina milimita 1,486. Uwiano wa ekseli za Series ni 4.7, na wa Defender ni 3.54. Mwenye Series aliyefunga injini ya dizeli ya kisasa hukuta kwamba ekseli ya asili inailazimisha injini izunguke kwa kasi kubwa wakati gari linakwenda polepole: kwa tairi lenye mzingo wa mita 2.5, injini inayozunguka mara 2,500 kwa dakika katika gia ya juu isiyoongeza wala kupunguza mwendo hulipa gari kilomita 80 hivi kwa saa kwa uwiano wa 4.7, na kilomita 106 hivi kwa uwiano wa 3.54. Ni rahisi basi kushawishika kuchukua ekseli nzima ya Defender na kuikata milimita 89 kila upande.

Hata hivyo, fundi mzoefu huuliza kwanza kama tatizo ni ekseli nzima au ni gia zilizomo ndani yake. Kichwa cha difu chenye uwiano wa 3.54, kikiwa na idadi ya meno inayolingana na hafu-shafti zilizopo, huingia kwenye ekseli ya Series ya aina ya Rover bila kukata kitu chochote, ingawa hakiingii kwenye ekseli nzito ya Salisbury iliyofungwa kwenye Land Rover 109 za baadaye. Kwa mabadiliko hayo madogo mwendo unapatikana na mabomba yanabaki kama yalivyotoka kiwandani. Sharti ni kwamba, kwa gari linalovuta kwa magurudumu manne, difu ya mbele ipewe uwiano uleule wa ile ya nyuma, kwa sababu zikitofautiana, kila gari linapopita kwenye ardhi ngumu huku magurudumu yote manne yakivuta, ekseli hizo mbili hushindana na kuvunja gia au propela shafti.

Njia nyingine ya kuepuka msumeno ni kutumia rimu zenye ofuseti tofauti. Ofuseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso wake unaogusana na habu, na rimu inayouvuta mstari huo kuelekea ndani inaweza kulirudisha tairi chini ya madigadi kwa milimita kadhaa bila kuigusa ekseli, mradi tairi lisigusane na springi wala chesisi. Njia ya tatu, ambayo ndiyo bora kuliko zote, ni kutafuta ekseli ya gari ambalo tayari lina upana unaotakiwa. Hata viwanda vikubwa havilazimishi upana wa mbele na wa nyuma ulingane: Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizoanza kufungwa injini ya V8 mwaka 2007 zilipanuliwa mbele, na nyuma zikaachwa nyembamba zaidi kwa karibu milimita 95. Kukata kunabaki kuwa jibu pale tu ekseli imara inapohitajika na hakuna yenye upana unaofaa.

Vipimo vinavyotangulia

Kosa la kwanza katika kazi hii ni kutumia upana wa matairi kama kipimo cha kukatia. Upana huo unategemea rimu zilizofungwa, na gari likibadilishiwa rimu, hesabu yote inavurugika. Kipimo sahihi ni kile cha kutoka uso wa habu ya kushoto unaogusana na rimu hadi uso wa habu ya kulia, na hicho ndicho kinachopimwa kwenye ekseli ya zamani na ile mpya kabla ya kutoa tofauti. Vinahitajika pia umbali kati ya springi mbili za nyuma, nafasi iliyopo kati ya tairi na bodi springi zinapokandamizwa hadi mwisho, na mahali pa difu kwa upande wa kushoto au kulia.

Kipimo hiki cha mwisho husahaulika mara nyingi. Katika Land Rover difu haiko katikati ya gari, bali imesogea upande wa kulia ili ilingane na giaboksi ya kugawia nguvu, ilhali ekseli ya nyuma ya Hilux ina difu karibu na katikati. Ekseli ikihamishwa bila kuzingatia hilo, propela shafti hukaa mshazari, na krosi zake, yaani viungo vinavyoiruhusu kujikunja, huchakaa kabla ya wakati. Fundi anaweza kuamua kukata upande mmoja zaidi ya mwingine ili difu isogee panapotakiwa, na ndiyo maana kuigawanya tofauti sawasawa pande zote mbili si kanuni ya lazima.

Kukata, kunyoosha na kuchomelea

Kabla ya kukata, ekseli hufunguliwa kabisa: oili humwagwa, hafu-shafti huchomolewa, difu hutolewa, na breki pamoja na beringi huwekwa kando. Oili iliyomwagwa ikusanywe kwenye chombo. Tahadhari hii ni ya maana zaidi kwa gereji zilizo karibu na bahari, kwani eneo la Ghuba ya Mnazi na mlango wa Mto Ruvuma ni hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, na mikoko na matumbawe yake hayavumilii mafuta yanayosombwa na mvua. Bomba lenyewe lisafishwe ndani na nje hadi chuma king'ae, kwa sababu mabaki ya oili yakikutana na moto wa kuchomelea huacha matundu ndani ya kiungo.

Bomba hukatwa kwa mashine ya kukerezea au msumeno wa mashine ili ncha iwe mraba, na kingo huchongwa mshazari ili chuma cha kuchomelea kiingie hadi chini. Katika ekseli zilizotengenezwa kwa bamba la chuma, bomba huwa jembamba kadiri linavyokwenda nje, hivyo kipande cha katikati kikiondolewa, ncha mbili zinazobaki huwa na vipenyo tofauti, na lazima ukerezwe mkono wa ndani wa chuma unaozishika zote mbili. Katika ekseli ambazo sehemu ya kati ni ya chuma cha kusubu, mkato ufanywe kwenye bomba tu, kwani chuma cha kusubu hupasuka kirahisi kikichomelewa kwa pupa.

Kiini cha kazi yote kiko kwenye hatua inayofuata. Fundi hukereza visahani vinne vya chuma vinavyokaa barabara kwenye nafasi za beringi, viwili katikati palipokuwa na difu na viwili kwenye ncha za nje, kila kimoja kikiwa na tundu katikati yake, kisha hupitisha nondo moja nene iliyonyooka kutoka mwisho mmoja wa ekseli hadi mwingine. Nondo hiyo ikipita bila kulazimishwa na ikazungushika kwa mkono, ekseli imenyooka. Ncha hushikizwa kwa matone manne ya kuchomelea yanayokabiliana, nondo huzungushwa tena, kisha uchomeleaji hufanywa kwa vipande vifupi, kimoja juu na kinachofuata chini, kimoja kushoto na kinachofuata kulia, na baada ya kila kipande chuma huachwa kipoe na nondo hujaribiwa upya. Sababu ni kwamba kiungo kinapopoa husinyaa na kulivuta bomba upande wake, na fundi anayezunguka bomba zima kwa mkupuo mmoja hupata ekseli iliyopinda. Urefu nao usipimwe chuma kikiwa cha moto, kwa kuwa mita moja ya chuma ikipanda joto kwa nyuzi 100 za Selsiasi hurefuka kwa milimita 1.2 hivi.

Hewa ya pwani huongeza hatari nyingine. Fimbo za kuchomelea zinazofaa kwa kiungo kinachobeba uzito ni zile zenye hidrojeni kidogo, zinazojulikana kwa alama ya E7018, lakini ganda lake hufyonza unyevunyevu upesi. Maji yaliyofyonzwa yakivunjwa na joto la kuchomelea huingiza hidrojeni ndani ya chuma, na hidrojeni hiyo huweza kukipasua kiungo saa kadhaa baada ya kazi kukamilika, wakati kwa nje kinaonekana kizuri. Mjini Mtwara, ambako hewa ya bahari ina unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka, pakiti ya fimbo hizo isifunguliwe mapema, na zilizokaa wazi zikaushwe kwenye oveni kwa kiwango kilichoelekezwa na mtengenezaji, si kuanikwa juani.

Hafu-shafti haichomelewi

Bomba linaweza kukatwa na kuungwa, lakini hafu-shafti haichomelewi kamwe. Chuma chake kimepikwa ili ganda la nje liwe gumu na moyo wa ndani ubaki na unyumbufu, mfano wa muwa wenye ganda gumu na nyama laini, na muungano huo ndio unaoiwezesha kuhimili msokoto bila kukatika. Moto wa kuchomelea huharibu mpangilio huo na kuacha eneo linalovunjika kama kioo. Ukubwa wa msokoto wenyewe unaeleweka kwa hesabu ndogo: injini yenye nyutani-mita 300, ikipita kwenye gia ya kwanza yenye uwiano wa 4 na ekseli yenye uwiano wa 4.1, hutoa nyutani-mita 4,920, ambazo hugawanywa kwa hafu-shafti mbili, na gia ya chini ya kutolea gari kwenye mchanga inaweza kuziongeza maradufu.

Zipo njia tatu halali. Ya kwanza ni kutafuta hafu-shafti fupi ya gari jingine yenye idadi ileile ya meno na beringi ileile. Ya pili ni kukata ncha ya ndani na kuchonga meno mapya kwenye mashine, jambo linalowezekana tu ikiwa shafti haijapungua unene mahali hapo, na ikiwa ganda gumu lina kina cha kutosha au litapikwa upya. Ya tatu ni kuagiza shafti mpya iliyotengenezwa kwa chuma cha aloi chenye nikeli, kromiamu na molibdenamu. Kwa kuwa njia hizi ndizo ghali kuliko hatua nyingine zote, ni busara kuhakikisha hafu-shafti zinapatikana kabla ya msumeno kuligusa bomba.

Breki, pumzi na uthabiti

Ekseli iliyonyooka bado haijawa tayari kwa barabara. Mabomba ya breki na kebo za breki ya mkono hupangwa upya, vikalio vya springi huchomelewa kwa pembe inayoyafanya mapinduko ya krosi mbili za propela shafti yalingane, na propela yenyewe hurekebishwa urefu na kusawazishwa. Kuna pia kitundu kidogo cha kupumulia juu ya ekseli. Ekseli iliyopata joto ikizamishwa ghafla kwenye maji, kama inavyotokea kwenye vijito vya maji ya chumvi karibu na Msimbati wakati bahari imejaa, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuyavuta maji kupitia kitundu hicho au kupitia oili sili, na oili hugeuka rangi ya maziwa huku beringi zikianza kuliwa na kutu. Mpira mwembamba uliounganishwa kwenye kitundu hicho na kupandishwa hadi juu ya chesisi huzuia hasara hiyo kwa gharama ndogo.

Jambo zito zaidi ni uthabiti. Uwezo wa gari kutopinduka hukadiriwa kwa kugawanya nusu ya upana wa matairi kwa kimo cha kitovu cha uzito. Gari lenye upana wa milimita 1,486 na kitovu cha uzito kilicho milimita 800 juu ya ardhi hupata 0.93, upana ukishuka hadi 1,308 hupata 0.82, na magunia ya korosho yakirundikwa hadi kitovu hicho kikapanda milimita 1,200, kiwango huporomoka hadi 0.55. Kwa hiyo ekseli isifupishwe chini ya upana ambao gari lilitoka nao kiwandani, na dereva anayeteremka kutoka Uwanda wa Makonde wakati wa msimu wa korosho asilipime gari hilo kwa nguvu ya injini yake mpya.

Sheria nayo ina sehemu yake. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, hivyo badiliko la injini linapaswa kusajiliwa, na mabadiliko ya ekseli yaelezwe kwa mkaguzi wa magari wa polisi na kwa kampuni ya bima. Kwa upande wa ujuzi, mkoa haukosi mahali pa kuanzia: SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, lina ofisi Mtwara, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina chuo mkoani humo, hivyo fundi wa gereji asiye na mashine ya kukerezea ana mahali pa kuulizia msaada badala ya kukisia kwa macho.

Mwenye gari anayepokea ekseli iliyofupishwa anastahili kujibiwa maswali matatu kabla ya kulipa: je, unyoofu ulijaribiwa kwa nondo iliyopita kwenye visahani vilivyokerezwa, je, hafu-shafti ni nzima au imeungwa, na je, breki zimejaribiwa gari likiwa na mzigo? Ekseli hubeba abiria kama inavyobeba magunia, na gari ambalo maswali hayo hayakupata majibu lisipakiwe mtu hata mmoja.